Je, Wajua? Anayepanga rafu huenda hajaajiriwa na supamaketi

Yule kijana anayepanga maziwa kwenye rafu mara nyingi halipwi na supamaketi. Mshahara wake hutoka kwa kampuni iliyoleta maziwa hayo.

Hata ofa ya bei nafuu huenda imetoka mfukoni mwa msambazaji. Mwaka 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza supamaketi ya Carrefour faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwakandamiza wasambazaji wawili: Pwani Oil na Woodlands, inayouza asali. Carrefour iliamriwa pia kuwarudishia mapunguzo iliyowakata.

Kioski nacho kina mtindo wake: jirani na mtaa wa Nyayo Highrise, ndani ya Kibera, hukupimia mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kadogo, cha kutosha sufuria moja. Ukijumlisha hadi lita, umelipa zaidi. Lakini kibarua wa siku hana pesa za lita nzima, na mwenye kioski anayemfahamu humwandikia deni daftarini. Huduma hiyo supamaketi haina.

Hata supamaketi kubwa huanguka: Nakumatt ilianza kwa kuuza magodoro mjini Nakuru, ikaenea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2020, wadai wake walipiga kura ivunjwe. Wasambazaji wengi hawakulipwa.