Mabano ndani ya mabano: orodha inapomeza mali ya mtu

KWA mfanyabiashara anayevuka Ruvuma kwenda Palma na Afungi, orodha ya mzigo ndiyo mali yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa familia zilizorejea baada ya shambulio la Palma la Machi 2021: jina lisipoonekana kwenye orodha, mwenyewe hapati chake.

Orodha inapoingia kwenye kompyuta, vitu vilivyo ndani ya vingine huweza kuandikwa kwa mabano. Chukua mfano huu niliotunga:

boti (gunia (sabuni, chumvi), katoni (betri))

Fundi akiiamuru kompyuta ianzie bano la kufungua na kuishia bano la kufunga la kwanza, itakomea kwenye chumvi. Betri zimeachwa, na mwenye mali hana habari. Akiamuru iishie bano la mwisho, boti mbili zilizo mstari mmoja zitahesabiwa kuwa mzigo mmoja.

Sababu ni hii. Ruwaza za utafutaji, ambazo mafundi huziita rejeksi, zilitokana na kazi ya Mmarekani Stephen Kleene katika miaka ya 1950. Zile za asili haziwezi kukumbuka tabaka zisizo na kikomo. Ni sawa na kuli anayefungua maboksi bila kujua amefungua mangapi.

Dawa ni ruwaza inayojiita yenyewe. Lugha ya Perl iliipokea katika toleo la 5.10 la mwaka 2007, na maktaba ya PCRE, iliyoanzishwa na Philip Hazel mwaka 1997, nayo inaielewa:

\((?:[^()]++|(?R))*\)

Maana yake: fungua bano, chukua yasiyo mabano, ukikuta bano jingine, (?R) inaanza kanuni yote upya, kisha funga.

Hata hivyo, moduli ya re ya Python haiielewi (?R), wala JavaScript. Tena, bano la nje likikosa mwenzake, ruwaza hii hukamata la ndani tu na kunyamaza.

Kwa hiyo nashauri hesabu. Anza na sifuri. Bano la kufungua ongeza moja, la kufunga punguza moja. Ukishuka chini ya sifuri, au ukimaliza juu yake, kuna bano limepotea. Hesabu hiyo hata vidole vinaiweza, pale Kilambo, kabla hujatia saini.