Jeti, Waya na Hewa ya Meru

Pikipiki iliyopangwa kabureta Dar es Salaam ikipandishwa Arusha huanza kulewa petroli. Eksozi inatoa moshi mweusi, plagi inavaa masizi, na mwenye chombo analalamika kwamba inakula mafuta na mlimani haina nguvu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Jiji liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13. Kabureta haina namna ya kulijua hilo. Inavuta petroli kwa kufuata kasi ya hewa inayopita kooni mwake, haipimi uzito wake, hivyo mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 7.

Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hakuna fundi atakayeirudisha. Petroli inayoungua bure, hiyo inaokolewa, na dawa yake ni kubadilisha kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha: jeti kubwa, yaani jeti kuu ya kabureta. Kwenye jeti nyingi za kabureta za Keihin, namba iliyogongwa juu yake hueleza upana wa tundu linalopitisha petroli. 98 ni milimita 0.98. Ukitoka 98 ukaweka 95, mafuta yanapungua kwa asilimia 6 hivi, karibu sawasawa na kile ambacho mlima umezidisha.

Hapo ndipo ninapogombana na waya. Kwenye vijiwe vingi, jeti ikiziba, mkono unakwenda kwenye uzi mmoja wa kebo ya klachi, waya huo unapenyezwa tunduni na kusuguliwa mbele na nyuma. Pikipiki inawaka, mteja anaondoka ameridhika. Lakini chuma kimepita ndani ya shaba, na shaba ni laini. Jeti ya 95 ikitanuka hadi milimita 1.00, tofauti isiyoonekana kwa macho, mafuta yanaongezeka kwa asilimia 11. Dereva wa bodaboda atalipa ongezeko hilo kituo cha mafuta kila siku, bila kujua lilianzia wapi, na namba kwenye jeti itaendelea kusema 95. Jeti ndogo, ile ya sailensi, yaani ya injini inapounguruma taratibu, huumia zaidi, kwa sababu tundu lake huwa chini ya nusu milimita.

Kusafisha kwa haki kunachukua muda zaidi kidogo tu. Fungua bakuli la chini utazame kwanza, kabla hujafuta chochote, maana uchafu wenyewe unatoa ushahidi. Utando wa kahawia unaonata ni petroli iliyokaukia humo wakati pikipiki imeegeshwa miezi. Ukungu wa kijani kwenye shaba ni maji, na wanaonunua petroli ya chupa vijijini huko juu wanayafahamu vizuri. Vumbi laini kama unga, lile la Kisongo na barabara ya Monduli, linasema kichujio cha hewa kimechanika. Loweka jeti kwenye petroli safi au thina, lakini boya na oringi viweke kando, thina huviharibu. Kisha peleka kila kitu kwa mziba pancha mwenye kompresa, upepo upite katika kila njia, upande huu na ule. Ikibidi kupenyeza kitu, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha.

Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapobana kuanzia Sakina hadi Tengeru, mafundi huletewa pikipiki zinazopigwa kiki mpaka mguu unachoka. Wengine huishia kutanua jeti kubwa. Ni kosa, kwa sababu wakati wa kuwasha jeti kubwa haina kazi. Kazi ni ya choki na jeti ndogo. Choki isiyofunga vizuri itazamwe kwanza.

Nazitetea hasa pikipiki za zamani, Honda CG125 iliyoingia sokoni mwaka 1976, XL na Yamaha DT za mabwana shamba na mapadre. Kuanzia Aprili 2020 masharti mapya ya moshi nchini India yalizisukuma pikipiki mpya za huko kwenye mfumo wa kupulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta. Huku kwetu kabureta bado inatawala, na ni bahati yetu, kwani inafunguka kwa bisibisi. Ndiyo maana inaniuma kuona bodi ya Keihin iliyotengenezwa kwa umakini ikitupwa na kuwekwa kabureta mpya ya bei rahisi isiyolingana na injini, wakati ilichohitaji ni gasketi, sindano ya boya na oringi.

Wakati wa kurudisha, usikaze jeti kwa nguvu za mabega. Boya lipimwe kimo chake. Likikaa juu mno petroli itafurika, likikaa chini injini itakosa mafuta kwenye mpando. Tenki lenye kutu lisuuzwe kabla ya yote, la sivyo wiki haitaisha utakuwa umerudi palepale.

Kisha toka Sanawari upande Ilboru kwa mafuta mengi, uzime ukiwa juu, uache ipoe, ufungue plagi. Ikiwa nyeusi, punguza jeti hatua moja. Ikiwa nyeupe, rudisha jeti ya namba kubwa zaidi upesi, kwa sababu injini inayokosa petroli huchemka hadi pistoni ikaungua.