Kwa Nini Mshabiki wa Timu Inayopanda Haridhiki?

Tarehe 21 Januari, 2024, katika mji wa San-Pédro nchini Ivory Coast, Tanzania ilipambana na Zambia katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tanzania ilipata bao katika dakika ya 11, na kabla ya mapumziko mchezaji mmoja wa Zambia akatolewa nje. Zambia ilisawazisha katika dakika ya 88. Pointi hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Tanzania katika fainali hizo tangu mwaka 1980, kwani mwaka 2019 ilishindwa michezo yote mitatu. Kabla ya mchezo, mshabiki angeweza kuipokea sare kwa shukrani; katika dakika ya 88 sare hiyo hiyo ilifanana na kushindwa. Je, ni kitu gani kilichobadilika?

Binadamu hapimi matokeo kwa ukubwa wake peke yake, bali huyalinganisha na yale aliyoyatarajia. Furaha hutokana na tofauti baina ya viwili hivyo. Nayo matarajio hayakai mahali pamoja. Huyafuata matokeo yaliyotangulia.

Jambo hili laweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Ichukuliwe kuwa mshabiki amezoea timu ipatayo wastani wa pointi 1 kwa mchezo. Timu inaimarika, na sasa kila mwezi wastani wake ni pointi 2. Ichukuliwe pia kuwa kila mwezi matarajio husogea nusu ya umbali uliobaki kuyafikia matokeo. Matarajio yatakuwa 1, kisha 1.5, kisha 1.75, kisha 1.875. Tofauti iletayo furaha itakuwa 1, kisha 0.5, kisha 0.25, kisha 0.125. Timu haijarudi nyuma hata kidogo, lakini furaha imebaki sehemu moja ya nane. Mwezi wa tano timu ikipata wastani wa pointi 1, matokeo ambayo hapo mwanzo hayakumhuzunisha mtu sasa yatakuwa pigo.

Pigo hilo lina uzito wa ziada. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humwumiza mtu zaidi kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha, na kwamba vyote viwili huhesabiwa kuanzia kwenye kituo fulani cha kulinganishia. Timu inapopanda, kituo hicho hupanda nayo.

Hayo yalionekana huko Uingereza. Mwaka 2015 washabiki wa Leicester City walishangilia timu yao kunusurika kushuka daraja. Mwaka 2016, chini ya kocha Claudio Ranieri, ikatwaa ubingwa. Februari 2017, timu ilipokuwa tena karibu na kushuka, Ranieri aliachishwa kazi.

Matarajio si kosa, kwani bila hayo hakuna ambaye angedai maendeleo. Hatari ni kuyafanya kipimo pekee. Hata darasani, mwanafunzi aliyetoka alama 30 akafika 60, kisha akapata 55, huenda akaitwa mzembe. Mwalimu mwenye busara hupima mara mbili: umbali kutoka mtihani uliopita, na umbali kutoka mahali mwanafunzi alipoanzia. Wahenga walikwisha kuonya: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.