Nani amevimbisha shina la kiazi?

Ukipita kwenye matuta ya viazi vitamu, inama kidogo. Fukua pale marando yanapotokea ardhini. Pengine utaliona shina limenenepa kupita kiasi, lina mipasuko, na majani yake yananyauka. Wengi wetu husema, "Udongo umechoka." Wengine husema ni jua. Sisi tunasema chukua kisu, upasue uone.

Tulifanya hivyo siku moja na wanakisomo wetu, huku Mbinga. Mzee mmoja alikataa shina lake lisipasuliwe. Alisema shina nene ni dalili ya kiazi kikubwa chini. Mama mmoja akamwambia, "Baba, hebu lete hapa." Akalipasua kwa urefu. Ndani mlikuwa na vijia vimejaa kinyesi kama unga wa mbao, na mdudu mweupe. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kumwona mdudu siyo kumjua.

Kwanza, tazama miguu. Kiwavi wa nondo ana kichwa cha kahawia na miguu sita midogo karibu na kichwa. Nyuma yake, chini ya tumbo, ana vijiguu vya nyama vya kushikilia. Fukuzi akiwa bado mchanga ana kichwa, lakini hana mguu hata mmoja, naye hujikunja. Buu la inzi halina miguu, wala kichwa chake hakionekani. Basi, kwa kutazama kichwa na miguu tu, umekwisha kuwagawa wadudu hawa katika makundi matatu. Wataalamu nao huanzia hapo hapo.

Fukuzi na nondo wote wawili hunenepesha shina la kiazi, ndiyo maana tunawachanganya. Nondo mwenyewe ni wa ukoo wa nondo wenye mabawa maangavu, ambao wataalamu huwaita Synanthedon. Jike hutaga mayai kwenye marando na vikonyo vya majani. Kiwavi akianguliwa hutoboa na kuingia ndani. Ni mweupe wenye rangi ya zambarau kwa mbali, na hukua kufikia sentimita 2 na nusu. Anavyokula, shina huvimba. Wakati mwingine hushuka mpaka kwenye kiazi chenyewe. Akikomaa hugeuka bundo humo humo ndani ya uvimbe. Nondo akishatoka, ganda la bundo hubaki limechomoza nje. Ukiliona ganda hilo huna haja ya kuuliza tena ni nani.

Viwavi wengi wanafanana, kwa hiyo shahada kamili hutolewa na mdudu mzima. Kata kipande cha shina lililovimba, tia kwenye chupa ya mdomo mpana, funga kitambaa chepesi, weka kivulini. Atakayetoka mpeleke kwa bwana shamba wa kata.

Mimea mingine nayo ina uvimbe wake. Maharage kwenye ngoro zetu huvimba na kupasuka shina karibu na ardhi. Huyo ni inzi wa maharage, siyo nondo. Ukipasua utakuta mabuu, au vitu vidogo vyeusi au vya kahawia kama punje. Kwenye mizizi, tuwe waangalifu. Vinundu vya maharage vinavyong'oka kwa kidole na vyenye wekundu ndani ni rafiki, vinalisha mmea. Vifundo visivyobanduka, mzizi wenyewe ukiwa umevimba, ni vya minyoo fundo.

Na siyo kila nondo wa uvimbe ni adui. Mwaka 1982 Waaustralia walileta kutoka Meksiko nondo anayevimbisha shina la gugu karoti, ili alidhoofishe. Gugu hilo ni baya kweli. Hapa Tanzania lilionekana Arusha mwaka 2010.

Sasa, huyu wa viazi tumfanyeje? Dawa ya kunyunyiza haimpati, yumo ndani ya nyumba yake. Pandishia udongo kwenye shina, ufunike na mipasuko ya tuta. Usirudishe viazi shamba lile lile kila mwaka, na baada ya kuvuna ondoa mashina yaliyobaki. Kubwa zaidi ni mbegu. Tukikata marando ya shina la zamani tunambeba mdudu kwa mikono yetu na kumpanda shamba jipya. Kata ncha changa, ukague moja moja. Ndugu zetu wa Mbamba Bay wanajua hasara ya mdudu anayesafiri na mbegu. Kidung'ata wa mihogo aliingia ukanda wa Ziwa Nyasa mwaka 1987, na vipando vya mihogo ni njia yake mojawapo ya kusafiri.

Chupa yetu tuliiweka darasani. Asubuhi moja tulikuta ndani kitu chenye mabawa kama kioo, mzee akarudi nyuma akisema, "Nyigu huyo, asitung'ate!" Kweli anafanana na nyigu. Tukamwomba atazame pembezoni mwa mabawa na mwilini. Mlikuwa na unga mwembamba, ule ule unaobaki vidoleni ukimshika nondo wa taa. Mzee akaomba kisu, akaenda kukagua matuta yake.