Titi likishakatwa, nani humuuliza mwanamke anavyojiona?

Mwanamke anapopatikana na saratani ya matiti, mazungumzo yote huwa ya kuokoa maisha. Daktari hueleza kuhusu upasuaji, dawa na miale. Jamaa huhangaika kutafuta pesa. Ni nadra mtu kumuuliza atajionaje siku bendeji itakapotolewa.

Ndiposa wapo wanaooga gizani na kujifunga leso hata mbele ya waume zao. Huona haya kumweleza daktari wakihofia kuonekana hawana shukrani. Lakini titi ni kiungo alichonyonyeshea wanawe. Kulipoteza ni msiba, na msiba haufichwi.

Ni afadhali kovu litazamwe mapema, muuguzi akiwa karibu. Kwanza kuligusa juu ya nguo, kisha kioo. Mume naye aonyeshwe mke akikubali. Mara nyingine mume hunyamaza kwa kuogopa kumuumiza mkewe, naye mke akadhani ni kinyaa.

Halafu kuna suala la titi la bandia, ambalo wengi hulidhania kuwa la urembo tu. La silikoni lina uzito unaokaribia wa titi la kweli, nalo huvaliwa kidonda kikishapona, kwa kawaida baada ya wiki 6 hivi. Uzito huo una kazi. Mwenye matiti makubwa akibaki na moja, mwili huweza kuegemea upande na mgongo na shingo vikauma. Matambara hayasaidii: ni mepesi, na sidiria hupanda juu mara tu mtu anapoinua mkono.

Silikoni ni ghali. Kuna la kufumwa kwa uzi wa pamba na kujazwa nyuzi laini, ambalo hufuliwa na halisumbui sana ngozi wakati wa joto. Fundi yeyote wa cherehani anaweza kushona mfuko wa kulishikilia ndani ya sidiria ya kawaida.

Wapo wasiolitaka kabisa, na hiyo ni haki yao. Mshairi Mmarekani Audre Lorde, aliyekatwa titi mwaka wa 1978, alilikataa. Katika kitabu chake The Cancer Journals cha 1980, alisema kuficha huwazuia wanawake wenye hali hiyo kutambuana.

Jingine ni kutengenezewa titi jipya kwa nyama ya tumboni au mgongoni, siku ile ile ya upasuaji au hata miaka baadaye. Tena si lazima kila mgonjwa akatwe titi lote. Uvimbe ukiwa mdogo, huenda ukaondolewa wenyewe kisha miale ikafuata. Maswali haya yaulizwe kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji.

Nywele huanguka wiki 2 au 3 baada ya dozi ya kwanza ya dawa nyingi za saratani, na kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Anayetaka nywele za bandia azitafute mapema, angali na zake za kulinganishia.

Na mkono wa upande uliokatwa ukianza kuwa mzito, au pete ikibana, arudi kliniki bila kungoja siku aliyopangiwa.