Msitu Ukikatwa, Bata Mzinga Huenda Wapi?

Kila mwaka, majira ya kuchipua yanapokaribia, wawindaji wengi katika majimbo ya kusini mwa Marekani hulipa fedha ili waruhusiwe kuingia kwenye misitu isiyo yao. Zaidi ya asilimia 80 ya misitu ya ukanda huo inamilikiwa na watu na kampuni binafsi, na wenye mali wamegundua kwamba msonobari huingiza fedha mara mbili: siku unapouzwa kama gogo, na kila mwaka kabla ya hapo kwa kukodisha ardhi uliyosimama. Klabu ya wawindaji hukodi kitalu kwa bei ya ekari kwa mwaka. Ndani ya mkataba huwamo kifungu ambacho wengi hukisoma harakaharaka, kinachompa mwenye ardhi ruhusa ya kuvuna miti yake wakati wowote atakaoona unafaa.

Ndipo mwindaji anaporudi Machi akakuta visiki, matope na njia za matrekta pale alipokuwa na msitu mwaka uliopita. Hasira yake inaeleweka, kwa kuwa kodi hulipwa kabla ya msimu na miti haimwombi mtu ruhusa ya kuanguka. Lakini anapolaumu msumeno huwa anamlaumu asiyehusika sana. Bata mzinga hasumbuliwi na ukataji wenyewe kama anavyosumbuliwa na yale yanayofuata miaka mitano baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayelalamika.

Ndege anayezungumziwa hapa si yule wa kufugwa anayechinjwa sikukuu. Bata mzinga wa mwituni ni mwepesi, anaruka, na usiku hulala juu ya miti mirefu. Uwindaji wa majira ya kuchipua huwalenga madume tu. Alfajiri dume huwika akiwa bado tawini, na mwindaji, aliyevaa nguo za rangi ya majani na kuegemea shina la mti, huiga sauti ya jike kwa kifaa cha mbao au cha kuweka mdomoni. Mambo yakienda sawa, dume hushuka, hutanua mkia na kusogea hadi kufikiwa na bunduki ya marisau.

Silaha kubwa ya ndege huyu ni macho. Yamekaa pande mbili za kichwa, huona rangi vizuri, na akigeuza shingo kidogo huona pande zote. Kwa hiyo hupenda mahali anapoweza kutazama mbali, na hukimbia kichaka kinachomziba. Ukikumbuka jambo hilo moja, mengi kuhusu msitu uliokatwa yanaeleweka yenyewe.

Msonobari unaopandwa zaidi kusini mwa Marekani, ule ambao wanasayansi huuita Pinus taeda, hupandwa kwa msongamano wa mamia ya miche kwa ekari. Hupunguziwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kati ya 12 na 18, kisha huvunwa wote ukifika miaka 25 hadi 35. Shamba moja basi hupitia maisha manne tofauti, na si yote yanayomfaa bata mzinga.

Maisha ya kwanza huanza mara tu baada ya mashine kuondoka. Jua hufika ardhini, udongo uliotifuliwa hufichua mbegu na wadudu, na ndani ya mwaka mmoja au miwili nyasi na magugu huota hadi usawa wa goti. Madume hupenda kuja kujitanua kwenye uwanja ambao magogo yalikuwa yakirundikwa na kwenye barabara za malori, kwa sababu huko huonekana na majike kutoka mbali. Wawindaji wazoefu wanalijua hilo. Baadhi yao hukaa pembezoni mwa eneo lililokatwa karibuni huku mwenzao bado anaomboleza miti.

Maisha ya pili ndiyo mabaya. Kuanzia mwaka wa nne au wa tano, misonobari midogo, miiba na vichaka hufungana kuwa ukuta. Ndege haoni, hawezi kuruka kwa haraka, wala hapati nyasi, kwa sababu mwanga umezibwa. Hali hiyo huweza kudumu miaka kumi. Klabu ambayo kitalu chake chote kilikatwa kwa mkupuo mmoja hukodi ukuta huo kwa muda huohuo, na hapo ndipo ukubwa wa eneo linalokatwa unapokuwa na maana kuliko ukataji wenyewe. Bata mzinga huzunguka mamia ya ekari, wakati mwingine maelfu, naye hajui mpaka wa mkataba. Akiwa na kipande kilichokatwa, kipande kilichopunguziwa na kipande cha miti mikubwa vikiwa jirani, hubaki. Akiwa na umri mmoja wa msitu kila upande, huhamia kwa jirani.

Kupunguzia miti hufungua maisha ya tatu. Mistari kadhaa ya misonobari huondolewa, mwanga hurudi, nyasi huota chini, na macho ya ndege hupata tena nafasi. Maisha ya nne ni ya msitu mkubwa unaosubiri kuvunwa. Zaidi ya hapo kuna vipande vya miti ya majani mapana, kama mialoni, ambavyo kampuni huacha kando ya vijito ili kulinda maji. Vipande hivyo ni vyembamba, lakini kwa bata mzinga ni njia, chakula na kitanda. Kupotea kwa mti mmoja wa kulala si msiba kwake, maana hubadilisha miti mara kwa mara. Kupotea kwa kijito chote chenye miti ni habari nyingine.

Vipi kuhusu wakati wa kukata? Jike hutaga mayai kama 10 hadi 12 juu ya ardhi, mara nyingi kwenye nyasi za shamba lililokatwa mwaka mmoja au miwili iliyopita, na huyaatamia kwa takriban siku 28. Mashine ikipita hapo Aprili au Mei, kiota kimekwisha. Vifaranga huishi ardhini karibu wiki mbili kabla ya kuweza kuruka hadi tawini, wakila wadudu, na wengi wao hufa katika siku hizo kwa baridi, mvua na meno ya rakuni, nyoka na paka mwitu. Kampuni inayopulizia dawa ya kuua magugu ili miche ikue haraka huondoa pia panzi ambao kifaranga angekula. Kwa maoni ya mwandishi, pampu hiyo ya dawa ilistahili sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa msumeno.

Historia inatoa sababu ya kuwa makini. Kufikia 1920 bata mzinga wa mwituni walikuwa wametoweka katika majimbo 18 kati ya 39 walikokuwa wakiishi. Kuanzia 1951, pale South Carolina, wataalamu walianza kuwanasa kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo na kuwahamishia kwingine, na mwanzoni mwa karne hii idadi yao ilikaribia milioni 7. Tangu hapo imeshuka katika majimbo kadhaa ya kusini. Mwaka 2022 Georgia ilisogeza mbele ufunguzi wa msimu na kupunguza kiwango cha mwindaji kutoka madume watatu hadi wawili, ili madume wapate muda wa kupanda majike kabla ya risasi kuanza.

Dawa ambayo wataalamu huisifu zaidi baada ya kupunguzia miti ni moto. Msitu ukichomwa kwa mpango kila baada ya miaka miwili hadi minne, vichaka hurudi nyuma na nyasi huchukua nafasi. Moto huo una faida kwa mwindaji pia, kwa sababu ya kupe. Kupe mwenye doa jeupe mgongoni, anayeenea kusini mashariki mwa Marekani, hupenda kivuli chenye unyevu, na wachanga wake hufyonza hata damu ya bata mzinga. Utafiti uliochapishwa 2014, uliofanywa kusini magharibi mwa Georgia na kaskazini magharibi mwa Florida, ulionyesha kwamba misitu inayochomwa mara kwa mara kwa miaka mingi huwa na kupe wachache mno.

Hilo si jambo dogo. Kung'atwa na kupe huyo kunaweza kumfanya mtu awe na mzio wa sukari iitwayo alfa-gal, iliyomo katika nyama ya wanyama wanaonyonyesha. Saa mbili hadi sita baada ya kula nyama ya ng'ombe au nguruwe, mgonjwa hupata vipele, maumivu ya tumbo, na wakati mwingine hushindwa kupumua. Taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa nchini humo ilikadiria 2023 kwamba huenda watu hadi 450,000 wamepata mzio huo tangu 2010. Wawindaji wamo katika kundi lenye hatari, nao hushauriwa kupulizia nguo zao dawa ya permethrini na kujikagua mwili mzima kila watokapo porini. Mwenye mzio huo huacha nyama ya paa aliowapiga mwenyewe. Bata mzinga anaendelea kumla, kwa kuwa nyama ya ndege haina sukari hiyo.