Aliyeshika ufunguo wa duka

Vijana wetu huku ughaibuni wanapenda sana hadithi za dunia iliyoangamia. Sisi tunawapa ya zamani: Z for Zachariah ya Mmarekani Robert C. O'Brien, aliyefariki mwaka 1973 kabla hajaimaliza. Mkewe na bintiye wakaikamilisha.

Ann, anayekaribia miaka 16, yuko peke yake katika bonde lililosalimika na vita vya nyuklia. Anakama ng'ombe, analima. Anatokea mgeni, anaugua, Ann anamuuguza. Akishapona anamvamia Ann usiku, kisha anafunga duka lenye chakula na kukaa na ufunguo (wa trekta pia).

Hapo sisi tuliokimbia kwetu tuliweka kitabu chini kidogo. Sumu ya mabomu haikumtoa Ann nyumbani. Anaiba vazi la kinga la mgeni, anashika njia.